Apone Hapa Hapa Makambako



Kwenye kikao kimoja cha wataalamu, mwenzangu ninayemheshimu alisimama akasema kwamba mraibu wa kokeini ni mgonjwa mwepesi kuliko wa heroini. Heroini ina arosto: mifupa inauma, tumbo linaendesha, makamasi yanatiririka, mtu anagaragara sakafuni. Kokeini, alisema, haina hayo. Kwa hiyo mfungie wiki moja, ale, alale, damu isafishike, kisha mrudishe kwao. Ukumbi ulimpigia makofi. Mhadhara huu ni jibu langu kwa makofi yale.

Sitawachosha na habari za jani la koka la milima ya Andes, wala za Niemann aliyeitenga kokeini mwaka 1860, wala za dopamini. Wenzangu wa famasia wanazijua. Nitaje jambo moja tu la nyumbani. Methadoni iliyoanza kutolewa Muhimbili mwezi Februari 2011, ikaenda Mwananyamala na Temeke, na mwaka 2017 ikafika Mbeya, ni dawa ya mtu wa heroini. Kwa kokeini haisaidii kitu. Wala hakuna kidonge kilichoidhinishwa kutibu uraibu wa kokeini, si Marekani wala Ulaya. Huduma zetu zilijengwa kwa ajili ya heroini, na ilikuwa sawa, kwa sababu heroini ndiyo iliyojaza maskani zetu. Lakini anayekuja na kokeini hufika dirishani akakuta hakuna chupa yake, na hapo ndipo ushauri wa kufuli unapopata wateja.

Sasa kufuli lenyewe. Ni kweli kuacha kokeini hakumgaragazi mtu. Anaanguka kwa namna nyingine: analala kama gogo, akiamka anakula kila kilichopo, kisha moyo unakuwa mzito na hamu ya kila kitu inakatika. Wapo wanaowaza kujiua siku hizo hizo, nasi tumewafungia peke yao chumba cha nyuma.

Halafu ni kijana gani wa kwetu anayetumia kokeini peke yake? Anakunywa pia. Msimu wa ulanzi ukifika, mianzi ikianza kutoa, pombe ni rahisi na iko kila mahali. Pombe na kokeini vikikutana kwenye ini hutengeneza kemikali ya tatu, kokaethilini, inayoutesa moyo. Na mlevi wa kila siku ukimkatia pombe ghafla anaweza kupata degedege, akaweweseka, akafa. Huyo anahitaji daktari, diazepamu na vitamini B1. Kama kete zake zilikuwa na heroini pia, mwili wake unasahau kuihimili akiwa kifungoni; siku ya kutoka akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi zinakatika. Kwa watu wa aina hizi mbili, wiki ya kufuli inaweza kuua.

Tuseme hana pombe wala heroini. Tumpe mwenzangu mgonjwa wake mwepesi kabisa. Bado amekosea, na hapa naomba mnivumilie, maana kuna andiko ninalolipenda kuliko yote ya fani hii. Mwaka 1986 Frank Gawin na Herbert Kleber walichapisha uchunguzi wa watumiaji 30 wa kokeini waliotibiwa wakiwa wanaishi makwao. Ni kurasa chache tu. Nimezisoma nikiwa mwanafunzi, nimezifundisha, na bado nazirudia. Waliona awamu tatu. Kwanza ni kuanguka, kwa saa tisa mpaka siku nne. Kisha inakuja awamu inayoanza kwa utulivu: usingizi umerudi, uso una nuru, tamaa ya unga imepungua mno, na familia inashukuru Mungu. Utulivu huo hudumu siku chache tu. Unafuatwa na majuma ambayo dunia haina ladha, mwili hauna nguvu na tamaa inapanda tena. Awamu hiyo ya pili huchukua juma moja mpaka kumi. Ya tatu haina mwisho unaojulikana. Tamaa huibuka kila kinachokumbusha unga kinapotokea.

Tazameni wiki ya mwenzangu inaangukia wapi. Anamfungulia mgonjwa mlango wakati wa ule utulivu, anahesabu amepona, kumbe kazi ndiyo inaanza.

Najua atakachonijibu. Mwaka 1990 William Weddington na wenzake waliwafuatilia wanaume 12 waliolazwa kwa siku 28, na hawakuziona awamu hizo. Tamaa ilishuka taratibu, siku baada ya siku, bila kupanda tena. Wapo wanaosema utafiti huo umemzika Gawin. Mimi nauona ndio unaomkamilisha. Wale 12 walikuwa wodini, mbali na kila kitu kilichowakumbusha unga, ndiyo maana tamaa ikalala. Wale 30 walikuwa mitaani kwao, ndiyo maana tamaa ikaamka. Nakiri kwamba idadi zote mbili ni ndogo, na mtakwimu makini hatakubali kujenga sera juu yake. Hata hivyo tafiti hizo zinakubaliana na nilichokiona kwa macho.

Nilimfahamu utingo mmoja wa malori ya Tunduma, mtoto wa jirani. Unga aliujulia Dar es Salaam. Mama yake alimfungia, akalala, siku ya nne akaomba ugali na majani ya maboga, akala sahani mbili. Wiki ya tatu alitumwa sukari. Njia ya dukani inapita malori yanapoegeshwa. Aliniambia baadaye kwamba lori moja liliachia upepo wa breki, "pshhh", na papo hapo fizi zake zikafa ganzi, kama zinavyofanya unga ukigusa mdomo. Hakuwa ameona kete wala pusha. Alisikia breki tu. Sukari haikufika nyumbani siku hiyo.

Makambako ni njia panda: barabara kuu ya Zambia inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita. Breki hizo zinalia usiku na mchana. Kijana wa Makambako hatapona kwa kuhifadhiwa mahali zisikosikika, kisha kurudishwa zinakolia bila mtu wa kumshika mkono. Nyumba za upataji nafuu nazithamini. Zanzibar zimekuwapo tangu 2009 na zimewarudisha watu kwenye uhai. Mwenye hatari nyumbani kwake aende kwenye nyumba kama hizo. Lakini hata yeye atarudi, na tiba yenyewe, nasisitiza, lazima ifanyike pale atakapoishi.

Inafanyikaje bila kidonge? Mtafiti Stephen Higgins alitujibu kutoka Vermont, jimbo la Marekani la baridi, vilima na ng'ombe wa maziwa, ambalo mtu wa Njombe asingelishangaa. Mgonjwa wake alitoa mkojo mara tatu kwa juma, kwa kuwa mabaki ya kokeini hukaa kwenye mkojo siku mbili tatu. Mkojo safi ulimpa vocha: ya kwanza dola 2.50, kila inayofuata ikiongezeka. Akiteleza, anaanza upya kutoka chini. Fedha taslimu hakupewa. Vocha ilinunua kitu cha maisha mapya, kama leseni ya kuvua samaki. Pamoja na vocha kulikuwa na ushauri nasaha na ndugu walioshirikishwa. Katika matokeo ya mwaka 1994, kati ya waliopewa vocha asilimia 75 walimaliza majuma 24 ya tiba. Kati ya wasiopewa, 40.

"Tuwalipe mateja?" Nimeulizwa hivyo na kiongozi wa dini, kwa uchungu wa kweli. Baba, mkulima wa hapa alipewa vocha ya mbolea kuanzia msimu wa 2008/09, na hakuna aliyesema analipwa ili alime. Alisaidiwa kuvuka msimu mgumu. Kwetu vocha iwe mche wa parachichi, mfuko wa mbolea, ada ya leseni ya udereva. Ni kweli wengine hurudia zawadi zikikoma, na ndiyo maana ndugu na kazi viingizwe mapema, zikiwa bado zinatolewa.

Mtu wa kulifanya hili tunaye. Mkoa huu wa Njombe una maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa utafiti wa 2022/23, ya juu kuliko mikoa yote, na kwa uchungu huo tumejifunza jambo ambalo mikoa mingine haijajifunza sawasawa: mgonjwa asipotokea CTC, kliniki ya VVU, kuna mama wa kijiji anayevaa gambuti akamfuata hadi mlangoni, kwa siri na kwa heshima. Mama huyo huyo, akifundishwa, atamfuata na huyu wa kokeini.

Ninachoiomba halmashauri ya mji wa Makambako ni chumba kimoja karibu na stendi, vipimo vya mkojo vya kuchovya, na muuguzi mmoja. Kifunguliwe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, ili utingo apime kabla gari lake halijaondoka.