Iskandaria Si ya Agosti

Msikilizaji, mtu wa pwani hafundishwi kwamba bahari ina miezi yake. Wavuvi wetu wanajua kusi ikivuma chombo gani kitoke na kipi kibaki. Ajabu ni kwamba tukipanda ndege kwenda pwani ya watu wengine, elimu hiyo tunaiacha nyumbani. Tunauliza bei ya tiketi na ubora wa hoteli, mwezi hatuuulizi. Leo nitachukua mji mmoja wa Mediterania ulio katika bara letu hili, Iskandaria ya Misri. Nasema anayekwenda huko Julai au Agosti atayapata maji, lakini mji wenyewe ataukosa.

Sababu ya watu kumiminika huko Agosti inaeleweka. Cairo wakati huo huchemka kwa nyuzi joto 35 na kupanda, ilhali Iskandaria, kwa upepo wake wa baharini, hukaa kwenye 30 au karibu na hapo. Reli ya kuunganisha miji hii miwili ilikamilika mwaka 1856, na kila kiangazi wenye nafasi wameikimbia Cairo kwenda kupunga upepo. Enzi za ufalme, hata serikali ilihamia huko kwa msimu. Ndiyo maana mapinduzi ya Julai 1952 yalimkuta Mfalme Farouk Iskandaria, na siku chache baadaye akaondokea hapo hapo, kasri la Ras el-Tin, akapanda meli kwenda uhamishoni.

Siku hizi wanaohama ni familia za kawaida, na zina haki zote. Lakini tazama ufukwe unavyokuwa. Viti vya plastiki na miavuli ya kukodi hupangwa safu baada ya safu mpaka mawimbi yanapolamba mchanga. Ukipewa kiti cha safu ya tano, unachokiona ni migongo ya walioketi safu ya nne. Muuza freska, vile vikaki vyembamba vyenye asali katikati, hupenya ubavu ubavu kama kaa, sanduku lake kalinyanyua juu ya vichwa vya watu. Barabara ya Corniche inayofuata bahari husongamana magari hadi usiku wa manane. Na jasho la hewa yenye unyevu, mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ana haja gani ya kulilipia nauli?

Subiri nusu ya pili ya Septemba. Shule za Misri hufunguliwa, familia hurudi Cairo, na wenyeji huupata mji wao. Bahari nayo haina haraka: maji huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Oktoba inapoingia, jua la mchana limelegea, lakini maji bado yana nyuzi 25 hivi, unaogelea bila kutetemeka. Unaweza kutembea kwa miguu hadi ngome ya Qaitbay, iliyojengwa karne ya 15 mahali uliposimama ule mnara wa taa wa kale, kisha ukashuka Anfushi kwenye soko la samaki ukachagua wako achomwe, bila kupigana vikumbo.

Lakini usijivute sana. Wavuvi wa Iskandaria wana kalenda ya dhoruba, wanazoziita nawwa, na kila moja ina jina na tarehe yake. Maknasa hutarajiwa katikati ya Novemba, Qasim mapema Disemba, na nyingine hufuatana mpaka Machi. Kwa mwaka mzima mji hupata mvua ya milimita 200 hivi, kiasi ambacho Aprili moja tu ya Dar es Salaam inaweza kukimaliza. Tatizo ni mahali inapoanguka. Iskandaria imebanwa kati ya bahari na Ziwa Mariout, ambalo liko chini ya usawa wa bahari, na maji yake lazima yasukumwe kwa pampu. Mvua ikishuka kwa mkupuo, mitaro hufurika. Oktoba 2015 mafuriko yaliua watu, na gavana akajiuzulu.

Na kalenda yenyewe siku hizi inateleza. Tarehe 31 Mei 2025, wakati ambao kila mtu alijua mvua zimekwisha, mji ulipigwa na dhoruba ya mvua kubwa na mawe ya barafu. Kwa hiyo tarehe za wavuvi zikuongoze, ila utabiri wa wiki ya safari yako uusome pia.

Najua wengi wetu likizo ni Disemba. Nenda, ila nenda ukijua unakwenda kwenye baridi: mchana nyuzi 20, usiku hushuka hadi 10 hivi, na bahari ni ya kutazamwa. Chukua koti. Siku ya mvua ingia Maktaba ya Iskandaria, iliyofunguliwa mwaka 2002, au Jumba la Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi, lililofunguliwa upya mwaka 2023 baada ya kufungwa miaka mingi. Jioni kunywa supu ya dengu yenye pilipili na ndimu, inayouzwa kando ya Corniche. Mwezi wa kuuepuka kwa kuogelea ni Aprili: maji bado baridi, na upepo wa Khamasini unaweza kuleta vumbi la jangwani.

Mimi nikiombwa tarehe, nasema kati ya Septemba 20 na Oktoba 20. Na popote uendako katika Mediterania, kabla hujalipia tiketi uliza mambo mawili: shule za huko zinafunguliwa lini, na wavuvi wanafunga ngalawa lini. Safari yako iweke katikati ya tarehe hizo mbili.