Kabla ya kununua mpini wa kusafishia madirisha

Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kuweka akiba, makazi ya Mantapala, wilaya ya Nchelenge



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kusafisha madirisha na paneli za sola, kwa sababu vikundi viwili vimeuliza swali lile lile: tununue mpini gani? Wanasema ule mpini mrefu unaovutwa ukaongezeka, wenye brosi kichwani na mpira wa kupitisha maji, ambao wengine wameuona katika simu. Mtu anasimama chini, maji yanapanda, brosi inasugua, na kioo kinakauka chenyewe bila kufutwa. Nitajibu, lakini nitaanza na maji. Mpini bila maji yanayofaa ni hasara, na pesa ya kikundi si ya mtu mmoja.

Kazi yenyewe ipo. Mwaka 2024 ukame ulipunguza maji ya bwawa la Kariba, umeme wa ZESCO ukawa wa saa chache kwa siku, na watu wengi wa Zambia wenye uwezo walinunua paneli za sola. Paneli ikishikwa na vumbi, moshi wa nyasi zinazochomwa na mavi ya ndege, haitoi umeme wake wote. Katika miezi ya kiangazi hakuna mvua ya kuiosha, ni mkono wa mtu tu. Ukishuka Nchelenge na Kashikishi utaona pia maduka na nyumba za wageni zenye vioo vinavyotazama barabara ya vumbi. Wenye mali hiyo hawapendi kupanda juu, na wengi hawana nafasi.

Sasa, maji. Mpini huu ulienea sana Uingereza, hasa baada ya sheria ya mwaka 2005 juu ya kazi za mahali pa juu, iliyotaka mtu asipande ngazi kama kazi inaweza kufanyika akiwa chini. Lakini wale hawatii maji ya bomba moja kwa moja katika mpini. Kwanza wanayapitisha katika vichujio vinavyoondoa chumvi zote za mawe. Halafu wanayapima kwa kidude kidogo chenye namba. Wanataka namba iwe karibu na sifuri, na wengi hawakubali izidi 10. Sababu ni hii: kioo hakifutwi, kinaachwa kikauke. Maji yakienda, chumvi inabaki, nayo ndiyo doa jeupe. Ninyi mnalijua doa hilo. Mtazame sufuria iliyochemsha maji ya foraji kwa muda mrefu. Maji ya kisima yamepita katika mawe chini ya ardhi, yameokota chumvi njiani. Maji ya ziwa Mweru yana udongo na uchafu wa majani. Maji ya mvua hayajapita popote isipokuwa hewani na juu ya bati.

Msiniamini mimi, fanyeni jaribio. Chukueni kipande cha kioo kilichooshwa vizuri. Dondosheni tone la maji ya foraji, tone la ziwa, na tone la mvua, mbalimbali, kisha mkiache juani. Yakikauka, mtaona duara lipi limebaki. Jaribio hilo halina gharama, na linawaambia karibu yote ambayo kile kidude cha namba kingewaambia.

Kuna sababu nyingine ya kutotumia maji ya foraji, na hii ni nzito kuliko madoa. Mpini ukifunguliwa unakunywa lita 1 hadi 2 kwa dakika. Saa moja ni lita 60 hadi 120. Kipimo cha mashirika ya misaada wakati wa dharura ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Basi saa moja ya kazi yenu ni maji ya siku nzima ya watu wanne hadi wanane. Mama aliyesimama mstarini na bidoni zake tangu alfajiri hatakubali kuona maji hayo yanakwenda kuosha duka la mtu Kashikishi, na atakuwa na haki. Ugomvi wa maji tunaujua sisi sote. Biashara isiyaguse maji ya mstari.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni pipa lenye kifuniko, na kipande cha bati cha kukunja kiwe mfereji chini ya paa. Hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Nyumba yenye bati la mita 4 kwa 5 ina mita za mraba 20. Mvua ya milimita 10 italeta lita 200, toeni kidogo kwa yanayomwagika. Mwanzo wa mvua, yaacheni maji ya kwanza yapite, maana yanaosha vumbi na moshi wa kiangazi kizima. Pipa lifunikwe na kitambaa kifungwe vizuri mdomoni. Malaria hapa Nchelenge ni nyingi, na pipa wazi ni nyumba ya mbu. Maji hayo hayatafika mwisho wa kiangazi kama mnayamwaga ovyo, basi myapangie: ya mvua ni ya kusuuza tu, mara ya mwisho. Uchafu wa kwanza unaweza kutolewa na maji ya ziwa yaliyotulia na kuchujwa kwa nguo.

Cha pili ni kitu cha kusukuma maji. Ndoo iliyowekwa juu ya meza haitoshi, kwa sababu maji hayawezi kupanda juu kuliko yanakotoka. Bomba la mgongoni la lita 16, kama lile la wakulima, linatosha kabisa kwa nyumba ya chini. Lakini linunuliwe jipya. Lililopulizia dawa ya wadudu lisitumike, hata likioshwa mara kumi. Dawa hukaa katika mipira yake, na brosi itairudisha usoni mwenu. Kumbukeni pia kwamba lita 16 ni kilo 16, bado bomba lenyewe. Mtoto asilibebe.

Ndipo tunafika kwenye mpini. Kuna wa alumini, wa nyuzi za kioo, na wa kaboni. Wa kaboni ni mwepesi na ghali sana, hautufai. Mkiwa dukani, uvuteni wote, muuinamishe kama mtafanya kazi, mtu mmoja aushike mpaka ahesabu 60. Ukimshinda pale, utamshinda zaidi ukiwa na brosi iliyolowa. Tazameni vifungo vya kila kipande: je, kikivunjika, kipya kitapatikana Mansa, au mpaka Lusaka? Mpira wa maji uwe mweusi au wa rangi nzito, kwa sababu ule unaopitisha mwanga huota ukijani ndani. Brosi iwe laini. Ijaribuni juu ya mkono, isikwaruze.

Alumini na kaboni zote zinapitisha umeme. Nyuzi za kioo hazipitishi zikiwa kavu na safi, lakini mpini wa kazi hii haukai mkavu, na maji yenyewe yana njia yake. Hata mwanzi uliolowa si salama. Kabla ya kuinua, tazameni juu. Kama waya wa umeme uko mahali mpini unaweza kufika ukianguka, kazi hiyo muikatae, hata kama mwenye duka anaongeza pesa.

Kwa upande wangu, sioni sababu ya kikundi kipya kununua mpini mrefu mwaka wa kwanza. Nyumba nyingi za Nchelenge ni za chini. Dirisha la chini linahitaji ndoo mbili, nguo laini, na kile kifutio cha mpira chenye mkono. Kifutio kinaondoa maji kabla hayajakauka, kwa hiyo hata chumvi haipati nafasi ya kubaki. Mpini wa mita 3, hata wa mwanzi mkavu ulionyooka, wenye brosi laini iliyofungwa imara, unafika kwenye paneli nyingi za paa la chini. Mkishapata wateja wanaorudi kila mwezi, mtajua kwa macho yenu ni mita ngapi zinakosekana, mkanunue hizo. Sabuni msitie katika maji ya mpini. Kaka mmoja aliuliza hilo. Inaacha utando, na utando unashika vumbi upesi.

Paneli zina adabu yake. Zioshwe alfajiri, zikiwa baridi, kwa sababu kioo cha moto kikipigwa na maji baridi kinaweza kupasuka. Msizikanyage, msitumie mchanga wala majivu. Msinyunyize maji upande wa chini penye waya. Paneli inatoa umeme wakati wowote ikiona mwanga, hata kama swichi ya ndani imezimwa. Kama waya umechubuka, mwiteni fundi, msiguse.

Jambo la mwisho ni ruhusa. Atakayefanya kazi nje ya makazi aende kwanza ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi kuuliza karatasi ya kutoka na ile ya kufanya biashara, kabla ya kikundi kutoa hata kwacha moja. Na mteja mmuulize mapema kama ana maji yake ya mvua. Mwenye paa kubwa la bati na tangi anaweza kuwapunguzia mzigo wote wa kubeba bidoni.

Wanaotaka kufanya jaribio la tone pamoja, waje na chupa tatu zilizoandikwa maji yametoka wapi. Kioo tunacho.