Majina ya Watu na Maneno ya Kiingereza Yafananayo Nayo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Vingunguti)



Karani ashikapo kalamu huandika alilosikia, na sikio hupenda kushika neno ambalo limekwisha kulizoea. Hapo ndipo jina la mtu huharibika, na hasa mikononi mwetu sisi tuliosoma Kiingereza.

Waingereza wenyewe majina yao hudanganya. Sir Donald Cameron alikuwa Gavana wa Tanganyika tangu 1925 hata 1931. Alisikiaye jina hili upesi hukumbuka kamera, chombo cha kupigia picha, neno litokalo katika Kilatini, maana yake chumba. Lakini Cameron ni jina la Waskochi, na kwa Kigaeli maana yake ni pua iliyopinda. (Mwenye shaka na atazame picha zake!) Naye Sir Edward Twining, aliyekuwa Gavana tangu 1949 hata 1958, jina lake ni sawasawa na neno la Kiingereza la kusokota, kama ugwe usokotwavyo. Walakini asili yake ni kijiji cha Twyning katika Gloucestershire, yaani mahali palipo kati ya mito. Ugwe haumo kabisa.

Sasa tuje kwetu. Mzee John Rupia alikuwa Makamu wa Rais wa TANU katika miaka ya 1950. Kila mmoja wetu asikiapo rupia hufikiri ile fedha iliyotumika zamani za Wadachi. Lakini karani afunguaye kamusi ya Kiingereza ya waganga atakuta neno lilo hilo, herufi kwa herufi, nalo ni jina la ugonjwa mbaya wa ngozi, limetoka katika neno la Kiyunani la uchafu! Je, tumfasirie mzee wetu hivyo?

Jina la Nyerere katika kamusi za Kiingereza hulipati. Waulize Wazanaki, watakuambia ni viwavi. Mtemi Nyerere Burito, babaye Mwalimu, alipozaliwa nchi ilikuwa imevamiwa na viwavi, naye akaitwa hivyo.

Haya si mchezo wa maneno tu. Masanja ni jina la watu wengi Usukumani, na sauti yake hukaribia mno neno la Kiingereza la tarishi. Karani mwenye haraka akiliandika hivyo, nani atalisahihisha baada ya miaka thelathini? Katika ofisi moja nilimwona mjane akirudishwa mara tatu, kwa kuwa jina la marehemu mumewe katika daftari la mishahara lilipitana kwa herufi mbili na jina lililo katika kitambulisho. Fedha ilikuwako, wala hakuna aliyeikana. Ila mama yule alikuwa akikopa nauli kila safari.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano ujao uzungumze neno hili: kwamba kila jina jipya lisomwe mbele ya mwenyewe herufi kwa herufi kabla wino haujakauka, na asiyejua kusoma aje na mtu wa nyumbani kwake amtajie.