Ini la Asiyekunywa Pombe

Pale Nyakanazi, mkoani Kagera, barabara za Kahama, Kigoma na Rusumo zinapokutana, madereva wa malori husimama kula baada ya saa nyingi kwenye usukani. Chipsi mayai na soda huliwa haraka, kisha safari huendelea. Mazoea hayo yanaweza kujaza mafuta kwenye ini, hata la mtu asiyeonja pombe.

Sukari ikizidi mwilini, hasa ya vinywaji vitamu, ini huigeuza kuwa mafuta. Yakizidi asilimia 5 ya ini, ugonjwa umeanza. Mara nyingi hauumi. Lakini kwa baadhi ya watu ini huvimba, hupata makovu na hatimaye hushindwa kazi au kupata saratani. Wenye kitambi au kisukari wako hatarini zaidi.

Habari njema ni kwamba ini hujirekebisha. Mwenye kilo 90 akipunguza 7 hadi 9 taratibu, mafuta hupungua na uvimbe unaweza kutulia. Ale ndizi za kuchemsha kwa kiasi, maharage, mboga na samaki, aache soda, atembee kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki. Kahawa, zao la Kagera, ikinywewa bila sukari imehusishwa na makovu machache ya ini. Tujihadhari na dawa zinazonadiwa kuwa husafisha ini, kwani baadhi huliumiza.

Tusisubiri watu waugue. Vipimo vya sukari, shinikizo la damu na kiuno vipelekwe palepale malori yanapoegeshwa.