Rungu na Kichwa Chake
(Maneno yaliyosemwa Londiani)



Apitaye katika misitu ya Londiani huona mizeituni ya mwitu, miti migumu mno hata shoka hurudi butu. Mti wa namna hiyo ndio ufaao kwa rungu, maana rungu jema halina kiungo. Kichwa na mpini ni kipande kimoja, nacho kichwa huchongwa penye fundo, au pale mzizi unapokutana na shina, ambapo nyuzi za mti zimejisokota wala hazipasuki upesi.

Nguvu yake si makali, kwa kuwa halina makali. Uzito umekusanywa mwishoni, mbali na mkono. Mpini ukizungushwa, kichwa hukimbia kuliko kiganja, na pigo zima huangukia mahali padogo. Wamisri wa kale walilijua jambo hili zaidi ya miaka 5,000 iliyopita: katika kibao cha mfalme Narmer, yeye mwenyewe ameinua rungu juu ya adui. Huko Ulaya, askari walipojivika chuma mwili mzima na panga zikawa zinateleza, mafundi walifua marungu ya chuma yenye mbavu, yavunje mfupa pasipo kutoboa vazi. Basi asemaye kwamba rungu ni silaha ya washenzi hajasoma habari za mashujaa wa Ulaya.

Mkuki na ngao vimekwisha vitani. Rungu limebaki, kwa sababu liligeuka kuwa alama ya amri. Bunge la Kenya haliketi pasipo rungu lake mezani, nalo huitwa siwa, jina ambalo Lamu na Pate ni la pembe ya kupulizwa. Daniel arap Moi, Rais tangu 1978 hata 2002, hakuonekana bila rungu mkononi. Siku ya maziko yake, tarehe 12 Februari 2020, alikabidhiwa mwanawe Gideon.

Lakini wako waliopokonywa. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, ndugu za Wakipsigis, alipigwa risasi na Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani. Fimbo zake za enzi zilichukuliwa Uingereza, zisirudi Kenya ila mwaka 2006, baada ya miaka 101. Wanandi husema kwamba kichwa chake nacho kilichukuliwa. Hicho wangali wanakidai.