WIMBO WA TAIFA LA KENYA: KUTOKA BEMBELEZI LA MTOTO HADI GWARIDE LA ASKARI
(Mazungumzo Baada ya Habari: Nchi Jirani)



Bendi inapopiga sauti za kwanza za wimbo wa taifa, gwaride lote huwa mguu sawa, maafisa hupiga saluti, na raia aliyekuwa akizungumza hunyamaza. Hakuna anayengoja kuelezwa sababu. Hata hivyo, ni vyema askari ajiulize mara moja moja: heshima hiyo anampa nani hasa? Historia ya wimbo wa taifa wa jirani zetu wa Kenya, uitwao "Ee Mungu Nguvu Yetu", inaweza kutusaidia kulijibu swali hilo.

Katika enzi za ukoloni swali lenyewe halikuwapo. Askari wa Keya, yaani jeshi la Waafrika lililoongozwa na maafisa wa Kiingereza, alipiga saluti kwa wimbo wa Uingereza, na wimbo huo ni dua ya kumwombea Mfalme au Malkia. Mtawala huyo aliishi ng'ambo ya bahari. Askari aliapa kumtii, akavaa nembo ya taji lake, na kwa ajili yake akapelekwa kupigana hadi Burma katika Vita Kuu ya Pili. Heshima yake ilivuka juu ya vichwa vya wananchi wenzake na kwenda kutua kwenye kiti cha enzi cha mbali.

Uhuru wa Kenya ulipokaribia, mwaka 1963, ilibidi upatikane wimbo mwingine. Njia rahisi ingalikuwa kumlipa mtunzi mmoja wa Ulaya, au kuchukua sauti ya wimbo wa kanisani na kuitia maneno mapya. Kenya haikufuata njia hiyo. Iliundwa tume ya wanamuziki watano. Mmoja wao alikuwa Mwingereza, Graham Hyslop, mtaalamu wa muziki aliyefanya kazi katika elimu nchini humo. Wengine walikuwa George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Senoga-Zake alikuwa mzaliwa wa Uganda, na Kalume, mtu wa Pwani, baadaye alikuwa mbunge. Walitakiwa watoe wimbo wenye asili ya Kiafrika, ambao ungebeba imani na matumaini ya wananchi wote.

Sauti waliyoichagua ilitoka kando ya Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unaoanzia nyanda za juu na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Kwenye kingo za mto huo wanaishi Wapokomo, wakulima wa mpunga, ndizi na maembe, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wapokomo si kabila kubwa. Hawakuwa na jeshi lililotisha majirani, wala chama kilichotawala siasa za Nairobi. Walichokuwa nacho ni wimbo wa mama wa kumlaza mtoto. Mzee Meza Morowa Galana, Mpokomo wa huko Tana, ndiye anayetajwa katika historia ya wimbo wa taifa kuwa aliyeitoa sauti hiyo.

Huenda askari akashangaa: bembelezi na gwaride vinakutana wapi? Gwaride lataka ngoma nzito na tarumbeta, na bembelezi lataka sauti ya chini na mkono mwepesi. Lakini tume ilikuwa na busara yake. Bembelezi halina madaha. Huimbwa na mtu yeyote, awe na sauti nzuri au mbaya, na hujulikana bila kitabu wala mwalimu. Mwendo wake ni wa polepole, kwa hiyo mzee na mtoto wanaweza kwenda pamoja. Tena bembelezi halimsifu mkubwa. Mtu anayeimbiwa ni yule mdogo kabisa katika nyumba, asiyeweza kujilinda mwenyewe. Wanamuziki wale waliipanga upya sauti hiyo ili iimbwe na umati na kupigwa na bendi, bila kuupoteza utulivu wake. Hadi leo, anayeusikiliza wimbo wa Kenya anasikia dua kuliko anavyosikia tambo.

Maneno nayo yalitungwa yakiwa na beti tatu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ubeti wa kwanza ni wa kumwomba Mungu baraka, na ndani yake haki ndiyo iliyopewa kazi ya kumkinga mwananchi. Ubeti wa pili unawaamsha watu wafanye kazi kwa bidii na wawe tayari kuilinda nchi. Ubeti wa tatu unawataka wajenge taifa kwa umoja, ili matunda ya kazi yao yawe sababu ya shukrani. Ikumbukwe kwamba ilikuwa mwaka 1974 ndipo Kiswahili kilipoanza kutumika katika Bunge la Kenya. Wimbo wa taifa ulikuwa umekwisha kuwasemesha wananchi kwa lugha hiyo miaka kumi na mmoja kabla ya wabunge wao.

Usiku wa manane, kuamkia tarehe 12 Desemba, 1963, katika uwanja wa Langata mjini Nairobi, ambao baadaye uliitwa Bustani ya Uhuru, bendera ya Uingereza iliteremshwa mbele ya Mwana wa Mfalme Philip, mume wa Malkia, na bendera ya Kenya ikapandishwa. Wimbo mpya ukapigwa. Vikosi vya Keya vilivyokuwa Kenya vikawa vikosi vya jeshi la taifa huru. Mkono uliopanda kwenye kofia ulikuwa ule ule. Aliyepewa saluti ndiye aliyebadilika.

Hata hivyo, wimbo peke yake haumfanyi askari kuwa mwaminifu. Wiki sita tu baadaye, mwezi Januari 1964, siku chache baada ya maasi ya askari wa Tanganyika, baadhi ya askari wa Kenya waliasi katika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru. Tena, tarehe 1 Agosti, 1982, baadhi ya wanajeshi wa Jeshi la Anga waliteka kituo cha redio cha taifa na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio hilo lilizimwa, watu wengi wakapoteza maisha, na Jeshi la Anga likavunjwa na kuundwa upya. Walioshiriki walikuwa wameusimamia wimbo wa taifa asubuhi nyingi. Miguu yao ilikuwa sawa, ila nia zao zilikuwa zimekwenda pengine.

Ni vizuri pia kuwatazama majirani wengine. Nchini Zaire, wimbo ulioingizwa na utawala wa Mobutu mwaka 1971 uliondoka pamoja na utawala huo mwaka 1997, na Kongo ikaurudia wimbo wake wa mwaka wa uhuru. Msumbiji ilianza uhuru wake mwaka 1975 kwa wimbo uliokisifu chama cha FRELIMO kwa jina. Mfumo wa vyama vingi ulipoingia, wimbo huo haukuweza tena kuimbwa na wananchi wote kwa moyo mmoja, na mwaka 2002 ukapitishwa mwingine unaoisifu nchi. Mwaka huo huo Rwanda nayo ilianza kutumia wimbo mpya, baada ya kuuacha ule wa mwaka 1962, ikitafuta maneno yatakayowaunganisha watu wake baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Wimbo uliofungwa kwenye mlingoti wa chama au wa mtawala huteremka mlingoti unapoanguka.

Wimbo wa Kenya haumtaji kiongozi, haukitaji chama, wala haulitaji kabila. Ndiyo sababu marais wamepishana Ikulu, chama kimoja kikatawala peke yake na baadaye vikawa vingi, na wimbo ukabaki ule ule. Katiba iliyopitishwa na wananchi kwa kura ya maoni mwezi Agosti 2010 imeutaja miongoni mwa alama za taifa, na maneno yake yameandikwa humo kwa lugha zote mbili. Katiba hiyo hiyo inaviamuru vyombo vya usalama visipendelee chama chochote, na viwe chini ya mamlaka ya kiraia. Kwa hiyo, yale ambayo bembelezi la Tana lilionyesha kwa sauti, sheria imeyatamka kwa maneno.

Mtihani mwingine ulikuja mwezi Juni 2024. Vijana walioandamana nchini Kenya kupinga Muswada wa Fedha walibeba bendera ya taifa na kuimba wimbo wa taifa barabarani, mbele ya polisi waliotumwa kuwazuia. Damu ilimwagika, na watu wakafa. Mazungumzo haya hayakusudii kuamua mambo ya ndani ya jirani. Lakini kila askari, wa nchi yoyote, anaweza kuutafakari mtihani ule. Mwenye rungu na asiye na rungu walikuwa wakiujua wimbo mmoja, tangu shule ya msingi. Sheria ina wajibu wake, na utulivu ni lazima ulindwe. Hata hivyo, yule aliyesimama upande wa pili wa barabara hakuwa adui kutoka nje ya mpaka. Alikuwa mmoja wa wale ambao wimbo unawaombea haki na amani.

Sisi wa Tanzania tunaimba kwa sauti iliyotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule nchini Afrika ya Kusini, na Wazambia wanaimba kwa sauti hiyo hiyo. Mwalimu yule naye hakuwa na cheo wala utajiri. Kwa hiyo askari wa Tanzania, wa Zambia na wa Kenya wanasimama wima kwa kazi za watu wa kawaida: mwalimu wa darasani na mama mwenye mtoto mgongoni.

Basi, ndugu askari, wimbo wa taifa unapopigwa asubuhi kambini au kituoni, saluti haiishii kwa kamanda aliye mbele ya gwaride, wala kwa kiongozi aliye jukwaani. Nao wanasimama mguu sawa kama wengine. Heshima hiyo ni ya wananchi, pamoja na yule mdogo aliyelala mgongoni kwa mama yake, ambaye usingizi wake ndio kipimo cha kazi ya mlinzi.