Ng'ombe Wawili kwa Majani ya Mmoja

Maelezo kwa wafugaji wadogo wa ukanda wa migomba



Katika vihamba vya miteremko ya Kilimanjaro, ng'ombe wa maziwa hafugwi peke yake. Hufungwa bandani kati ya migomba na kahawa, huletewa majani, naye hurudisha samadi shambani. Kwa hiyo hesabu yake haiishii kwenye lita zinazouzwa. Samadi iliyomwepusha mkulima kununua mbolea ni pato. Saa ambazo akina mama hutumia kukata na kubeba majani ni gharama, ingawa hakuna anayewalipa.

Gharama iliyo kubwa kuliko zote ni lishe, na hapo ndipo kaya nyingi hupotea. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Matete mabichi kwa sehemu kubwa ni maji. Ili kufikia kiasi hicho hukatwa kama kilo 60. Chakula cha kwanza huenda kuutunza mwili, na maziwa hutokana na kinachozidi. Kaya yenye uwezo wa kukata kilo 60 tu ikizigawa kwa ng'ombe wawili, kila mmoja hupata cha kumweka hai, na ndoo hurudi karibu tupu. Majani yale yale yangempa mmoja mwili na maziwa pia. Tena ng'ombe mwenye njaa huchelewa kuingia kwenye joto, na kila joto linalopita bila kupandishwa humsogeza ndama mbele kwa siku 21.

Ni kweli kwamba ng'ombe wa pili ni akiba ya karo na ya ugonjwa. Hoja hiyo haidharauliki. Lakini akiba hii hula kila siku, na kiangazi humla mwenyewe. Matete yakikauka, mabua ya mahindi hupandishwa kutoka tambarare kwa gari la kukodi. Vigogo vya migomba navyo hujaza tumbo, ila ni maji kuliko chakula.

Aliyeamua kupunguza asingoje Septemba, wakati majirani nao wanauza na mbavu zinahesabika. Mwezi Juni, majani yakiwa bado yapo, mnunuzi hutazama kiwele kabla ya kutaja bei.